Mama mkwe wa Mufulira na Kombe la Afrika sebuleni kwetu

Mechi za usiku za Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 zilianza saa mbili kwa saa za Abidjan. Kinshasa ilikuwa saa tatu. Kwetu Lubumbashi ilikuwa saa nne, wakati ambao katika lupango, yaani ua wetu wa Katuba, watoto wamelala, bukari (ugali) umeliwa, na mwenye kazi asubuhi hana sababu ya kuwa macho. Ukiondoa mechi ya Morocco, Chui wetu, timu ya taifa ya Kongo, walicheza saa hiyo mwezi mzima.

Miaka yote mume wangu alitazamia mpira kwenye baa ya barabara ya pili. Safari hii alibaki nyumbani kwa sababu mama yake alikuwa kwetu, amekuja kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutibiwa miguu, na mama mkwe wangu hakosi mpira. Alizaliwa Mufulira, upande wa Zambia, baba yake akiwa mfanyakazi wa mgodi, kisha akaolewa upande huu. Akitulia anaongea Kiswahili, akikasirika Kibemba. Kura anapiga Kongo, wajukuu wake wote ni wa Kongo, lakini mpira wake aliuacha Mufulira. Sasa tazama ratiba: mechi ya kwanza kabisa ya Kongo, Jumatano ya tarehe 17 Januari kule San Pedro, ilikuwa dhidi ya Zambia.

Baa ina raha yake moja: ukichoshwa na mtu unachukua chupa yako unahamia meza nyingine. Sebuleni huhamii. Mliyenuniana naye mchana kwa ajili ya maji ya kuoga ndiye mtakayekaa naye bega kwa bega dakika tisini, na mkifika hatua ya mtoano, dakika mia na ishirini na penalti juu yake. Karibu yote niliyojifunza mwezi ule yalitoka hapo. Na mimi ndiye ninayesimulia kwa sababu mimi ndiye niliyepanga viti.

Siku ya Zambia alikuja mzee jirani, mstaafu wa reli na kwa hiyo mtu wa Lupopo, klabu ya watu wa reli hapa mjini, damu damu. Akaja kijana mpangaji wa chumba cha nyuma, mwanafunzi kutoka Goma. Wakaja vijana wa mtaa ambao sikuwaalika, na ambao hawakuondoka hadi fainali. Kabla mpira haujaanza, mzee akaanza na 1974. Kwetu hakuna mechi ya Kongo na Zambia isiyoanza na 1974. Nchi ilikuwa Zaire, fainali ilikuwa Cairo, ikaisha 2-2, na kwa kuwa fainali haikuamuliwa kwa penalti wakati ule, ikarudiwa baada ya siku mbili. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalikuwa ya mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano yale na mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyemfikia katika Kombe moja la Afrika.

"Manne," mzee akarudia, akimwonyesha mama mkwe vidole.

"Na sisi tulisawazisha dakika ya mwisho ya nyongeza," mama mkwe akajibu. "Hilo husemi. Niliisikia kwenye redio ya baba yangu, hukuwepo."

Vijana walikuwa wanacheka, na mimi nikawa najifunza kitu: wazee wawili ambao kwa kawaida husalimiana tu kwenye ua walikuwa wamebeba mechi ile ile miaka hamsini, kila mmoja na nusu yake. Mume wangu alinikonyeza nisiwanyamazishe. Ilikuwa bora kuliko wachambuzi wa televisheni.

Zambia ilifunga kwanza. Kipa wetu Lionel Mpasi alitoka mbali na goli lake, mpira ukamwangukia Kings Kangwa, naye akaupiga kutoka mbali goli likiwa wazi. Sebule nzima ikaganda, isipokuwa makofi ya mtu mmoja kwenye kiti cha mbele. Dakika chache baadaye Yoane Wissa akasawazisha, vijana wakarukaruka mbele ya mama mkwe mpaka nikaogopa kwa ajili ya miguu yake. Ikaisha 1-1. Kijana mmoja wa mtaa akaninong'oneza kama bibi hawezi kutazamia chumbani kwake siku nyingine. Nilimwambia kiti kile ni cha bibi, na kwamba yeye ndiye anayeweza kutazamia kwingine. Alibaki, na kufikia robo fainali ndiye aliyekuwa anamletea kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Sasa niseme kuhusu umeme, maana pasipo umeme haya yote hayapo. Wenyeji wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa; wengine wajue tu kwamba mji huu umezungukwa na migodi inayokula umeme usiku na mchana, na mitaa yetu hupata kwa zamu. Watu wengi hukimbilia jenereta. Mimi siipendi kwa mpira. Petroli ni ghali, kelele zinameza sauti ya mtangazaji, na saa sita za usiku unaamsha mtaa mzima, wakiwemo wasiotaka kujua nani kafunga. Tulichofanya ni kuazima betri ya gari na kifaa kidogo kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Kijana wa Goma alipiga hesabu kwenye daftari: televisheni yetu ya inchi 32 inakula karibu wati 50, dekoda chini ya 20. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 70 ina wati-saa 840, na tulikubaliana tusitumie zaidi ya nusu yake. Hiyo ni mechi mbili, na mechi moja yenye penalti unaimaliza bila wasiwasi wowote.

Faida kubwa ya betri si saa nyingi. Umeme ukikatika kisha ukarudi, dekoda huanza upya taratibu kana kwamba haijui kuna mechi, na dakika hizo ndizo mabao hupenda kuingia. Ukitazama kwa betri tangu mwanzo, umeme wa mtaa ukatike au urudi, wewe hukujua. Tena unaepuka ule mshtuko wa umeme unaporudi kwa nguvu na kuunguza vitu. Friji ya jirani yetu mmoja ilikufa hivyo wakati wa mashindano, na samaki wake wote tukala sisi, tukimpa pole.

Januari pia ni katikati ya mvua. Mawimbi ya televisheni ya dishi hushuka kutoka setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, hupita safari hiyo yote salama, halafu wingu zito la Katanga linayameza kwenye kilomita chache za mwisho. Siku ya Morocco, Jumapili saa kumi jioni, mvua ilianza kipindi cha kwanza. Tuliona Achraf Hakimi akifunga mapema, tukaona Cédric Bakambu akikosa penalti kabla ya mapumziko, kisha kipindi cha pili skrini ikawa miraba miraba, mwisho maandishi ya kusema hakuna mawimbi. Kuna wanaopanda juu ya bati kuzungusha dishi kwenye mvua. Kwetu ni marufuku. Dishi halijasogea, ni maji yako katikati, na radi za Lubumbashi si za kuchezea. Tuliwasha redio.

Redio ilitangaza Kifaransa. Mama mkwe hajui Kifaransa, mzee anajua cha reli, vijana wanajua cha shule. Binti yangu wa kidato cha pili akawekwa katikati atafsiri. Ajabu ni kwamba alipokuwa anatafsiri ndipo nilipoanza kuelewa mpira wenyewe. Mtangazaji alisema haraka, yeye akalazimika kuchagua: nani ana mpira, yuko upande gani, nani yuko peke yake. Silas Katompa aliposawazisha, binti alishindwa kutafsiri, akapiga kelele tu, na ikatosha. Bao lenyewe tuliliona usiku kwenye simu ya mtu. Kwa maoni yangu lilikuwa zuri zaidi redioni.

Hapo tukaingia kwenye jambo la kelele. Mitaa yetu imebanana, na kila nyumba inatazama kwa njia yake. Wenye dishi wanapata picha sekunde chache baada ya tukio. Wanaotazama kwa intaneti ya simu wanaweza kuwa nyuma nusu dakika au zaidi, kwa kuwa picha inakatwa vipande, inatumwa, na simu inajiwekea akiba kabla ya kuionyesha. Kwa hiyo bao moja la Kongo hufungwa Katuba mara tatu: kwanza kule kwenye redio za walinzi, kisha kwenye madishi, mwisho kwa vijana wa simu ambao tayari wana hasira kwa sababu wamekwisha kuambiwa. Wengine wanaona kelele hizo zinaharibu mchezo. Mimi nilizizoea, nikazipenda. Unasikia ng'ambo ya ukuta, tumbo linakaza, unatazama skrini ukijua kitu kizuri kinakuja ila hujui kitakujaje. Ubaya wake ni mmoja. Ikiwa anayefunga ni adui, hakuna anayepiga kelele, na habari haikufikii mpaka uione mwenyewe.

Mechi ya Tanzania sina mengi. Ilikuwa 0-0, mume wangu alilala kabla ya mapumziko. Raha ilikuwa dereva mmoja wa lori, Mtanzania aliyekuwa anasubiri makaratasi yake ya mzigo, aliyeletwa na vijana ili tumtanie. Walimtania kidogo tu, kisha wakakaa kusikiliza Kiswahili chake. Watoto wangu walimwangalia kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti, alivyokuwa anapanga maneno. Yeye naye alicheka kusikia tunavyosema. Taifa Stars ikaenda nyumbani, sisi tukavuka na pointi tatu za sare tatu. Mzee wa Lupopo alisema timu inayovuka bila kushinda inamkumbusha treni inayofika Lubumbashi bila abiria. Sikuelewa, lakini wote walicheka.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Abonema, yaani ada ya dekoda, karanga, sabuni ya kuosha vikombe vya watu kumi na zaidi, yote hayo ni ya mwenye nyumba mpaka aseme. Usiseme wakati wa mechi. Mtu mwenye furaha ataahidi, mwenye huzuni atanuna, na wote wawili watasahau. Nilipitisha sahani Jumapili mchana, watu wakiwa na akili zao, na nikaiweka mbele ya mama mkwe. Hakuna kijana wa Katuba atakayepita mbele ya bibi wa watu bila kutoa kitu.

Kisha ikaja Misri, tarehe 28 Januari. Meschack Elia akafunga, Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti kabla tu ya mapumziko, na baada ya hapo ikawa ni kusubiri. Muda wa nyongeza ulianza kwetu ikiwa usiku wa manane umekwisha kupita. Niliwaamsha watoto wadogo. Mume wangu alisema wana shule, nami nikamwambia shule ipo kila Jumatatu. Penalti zikapigwa mpaka zikafika kwa makipa. Gabaski wa Misri akagonga mwamba. Halafu Mpasi, yule yule aliyetoka golini siku ya Zambia, akaweka mpira, akafunga. 8-7.

Katikati ya fujo, mama mkwe hakushangilia. Alikuwa anahesabu kwenye vidole. "Nane kwa saba," akasema. "Nane kwa saba ni yetu."

Ilibidi vijana wakae chini waelezwe, maana wengi walikuwa wadogo mno. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, na wote 30 waliokuwemo walikufa. Mama mkwe alikuwa Kasumbalesa, akavuka mpaka kwenda kulia na ndugu zake. Februari 2012 Zambia ikaingia fainali ya Kombe la Afrika, na fainali ilikuwa Libreville. Wakaifunga Côte d'Ivoire kwa penalti, 8-7. Aliyefunga ya mwisho alikuwa Stoppila Sunzu, ambaye wakati ule alichezea TP Mazembe, mahasimu wa Lupopo, hapa hapa mjini.

"Mtoto wetu wa Lubumbashi ndiye aliyewapa kombe," mama mkwe akasema. "Kwa hiyo usiniulize niko upande gani."

"Mtoto wa Mazembe," mzee wa Lupopo akamsahihisha. "Ndiyo maana mimi siku ile nilizima televisheni."

Hapo ndipo hata yule kijana aliyetaka bibi apelekwe chumbani akaanza kumwita mchambuzi. Mimi nilikuwa nimeishi na mama huyu kama mkwe miaka mingi, nikijua anavyopenda sombe (kisamvu) yake na anavyokunja chitenge, na habari ya kuvuka mpaka kwenda msibani 1993 nilikuwa sijawahi kuisikia. Sijui ningeisikia lini kama Gabaski angefunga.

Robo fainali na Guinea ilikuwa rahisi kusimulia: walitangulia kwa penalti ya Mohamed Bayo, Chancel Mbemba akasawazisha, Wissa akaongeza kwa penalti, Arthur Masuaku akamaliza kwa mpira wa adhabu. 3-1, ushindi wetu pekee ndani ya dakika tisini katika mashindano yote. Ijumaa ile Katuba haikulala.

Nusu fainali na wenyeji Côte d'Ivoire, tarehe 7 Februari, haikufanana na mechi nyingine. Wiki ile vita vilikuwa vimekaribia Sake, kilomita kama 25 kutoka Goma, na mpangaji wetu alikuwa hali chakula vizuri. Mama yake na wadogo zake walikuwa Goma. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kichwani kama bastola. Mama mkwe aliuliza wanafanya nini. Kijana akamjibu, bila kutoa macho kwenye skrini: "Wanasema habari za kwetu, Bibi. Wanasema tunauawa na hakuna anayesema." Mzee wa reli akasimama, na sisi sote tukasimama mpaka wimbo ukaisha.

Mama yake kijana alikuwa kwenye simu. Kule kwao hapakuwa na umeme, kwa hiyo kijana aliiweka simu karibu na spika ya televisheni ili asikie, na kila mara akawa anamweleza kwa sauti ya chini: Bakambu amefunga, hapana, limekataliwa. Mambo ya vita hawakuyagusa hata kidogo. Niliwahi kusikia watu wakisema ni aibu kuangalia mpira wakati wenzako wanakimbia na magodoro kichwani. Usiku ule nilimwona aliye na haki ya kusema hivyo, naye alikuwa anamtangazia mama yake mechi.

Kipindi cha pili Sébastien Haller wa Côte d'Ivoire akafunga. Mpira ulidunda mbele yake, ukapaa, ukamshinda Mpasi. Hakuna kelele iliyotangulia ng'ambo ya ukuta. Simu ilikuwa bado wazi, na sauti ya mama kutoka Goma ikauliza: "Mbona mmenyamaza?" Kijana akamwambia. Mama mkwe akamtukana Haller kwa Kibemba, matusi marefu ya Mufulira ambayo mume wangu alikataa kututafsiria.

Ya mshindi wa tatu na Afrika Kusini tulitazama wachache. 0-0, tukashindwa kwa penalti 6-5. Nadhani mechi ile ingefutwa tu. Hakuna mtu aliye tayari kuumia mara mbili ndani ya wiki moja, na sisi tuliumia.

Fainali, Jumapili ya tarehe 11, tulibaki sisi wa nyumbani, kijana wa Goma, na mzee, aliyedai amekuja kurudisha kiti. Nigeria ilitangulia kwa kichwa cha William Troost-Ekong, Franck Kessié akaisawazishia Côte d'Ivoire. Mapumziko yalipokuwa, binti yangu alikuwa amemsomea bibi yake kwenye simu kwamba Haller aligunduliwa na saratani Julai 2022, akakaa nje ya uwanja miezi mingi akitibiwa, ndipo akarudi kucheza. Mama mkwe alinyoosha miguu yake iliyofungwa bendeji, akaiangalia, hakusema neno.

Dakika ya 81 Haller akaunyooshea mguu mpira wa krosi, ukaingia. 2-1. Makofi yakasikika tena kutoka kiti cha mbele.

"Mama!" mume wangu akashangaa. "Si ndiye uliyemtukana Jumatano?"

"Mngeniambia mapema kwamba ni mgonjwa mwenzangu," akasema, "ningemtukana kidogo."